Fedha za Utafiti wa Afya: Asiyekuwapo na Lake Halipo

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa liko mbali nasi. Ni habari ya zile saa na bangili za mkononi ambazo hupima mapigo ya moyo, usingizi na mwendo wa mtu; na hasa ni habari ya fedha zinazotolewa na serikali na mashirika ili wataalamu wachunguze magonjwa kwa kutumia vyombo hivyo. Wengi wetu tumeziona saa hizo mikononi mwa wageni au madukani mjini. Wachache wamejiuliza ni nani anayelipia uchunguzi huo, na ni mikono ya akina nani inayopimwa. Mimi nilijiuliza kwa sababu ya jambo lililotokea bwenini kwetu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, usiku wa manane, mwenzetu mmoja aliamka akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Yeye ana ugonjwa wa selimundu, naye ameniruhusu niandike habari hii bila kutaja jina lake. Jioni ile alikula nasi, akakaa nasi prepu, wala hakuna aliyeona dalili yoyote. Kabla ya mapambazuko mwalimu wa zamu alikuwa amekwisha mpeleka hospitali, na huko alilazwa siku sita. Aliporudi nilimwuliza kama hakujua kwamba maumivu yanakuja. Akanijibu, "Ningejua, ningekunywa maji mengi mapema, wala nisingekaa kwenye baridi. Lakini huja kama mwizi."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Siku nyingine mwalimu wetu wa baiolojia alitueleza kwamba katika Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, watafiti waliwavika wagonjwa wa selimundu saa za mkononi, wakatazama kama mapigo ya moyo na hatua zilizohesabiwa na saa zaweza kuonyesha kadiri ya maumivu ya mgonjwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023. Ni mwanzo tu. Wagonjwa walikuwa wachache, na saa haijawa mtabiri. Lakini ni wazi kwamba anayeweza kuyaona maumivu kwa saa leo, kesho aweza kujaribu kuyaona kabla hayajafika.

Niliposikia hayo nilifurahi, kisha nikaingiwa na huzuni. Tanzania ni mojawapo ya nchi za dunia ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu. Hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 au zaidi kila mwaka. Marekani nzima, kubwa kwa wadogo, hukadiriwa kuwa na wagonjwa wapatao 100,000. Basi kwa hesabu ya darasani, katika muda wa miaka 9 au 10 sisi huzaa watoto wa selimundu sawa na wagonjwa wote wa nchi ile, ingawa si wote wanaojaliwa kukua. Ugonjwa uko kwetu, na saa ziko kwao. Kwa nini?

Maoni yangu ni haya. Utafiti wa namna hii ukilipiwa na wengine peke yao, utawapima watu wao kwanza na kujibu maswali yao kwanza. Na katika hilo wao hawana kosa, maana kila mtu huanza nyumbani kwake. Kosa litakuwa letu, tusipoweka mezani shilingi yetu pamoja na za wengine. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Hapo kwanza yafaa tujue kwamba vyombo hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1947 Mmarekani mmoja wa jimbo la Montana, Norman Holter, alitengeneza chombo cha kupima moyo wa mtu akiwa anatembea, badala ya kulala kitandani hospitalini. Chombo hicho kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi, karibu sawa na gunia dogo la mahindi! Ilipita miaka mingi ya kazi na gharama hata kikapungua kikawa cha kutia mfukoni. Na hata leo madaktari wa moyo hutumia kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Huko Japani mwaka 1965 kiliuzwa chombo kidogo cha kiunoni cha kuhesabu hatua, ambacho jina lake maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Ndipo lilipoanza lile neno tunalolisikia mpaka leo, kwamba mtu mzima atembee hatua 10,000 kwa siku.

Saa za siku hizi hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya saa kuna taa ndogo, aghalabu ya kijani, inayomulika ngozi. Damu hunywa sehemu ya mwanga ule, na kila moyo unapopiga, damu iliyo chini ya ngozi huongezeka kidogo, mwanga unaorudi ukapungua. Jicho la saa huhesabu kupungua huko, na hayo ndiyo mapigo ya moyo. Kazi ni rahisi kueleza, lakini ina mtego wake. Kile kinachoipa ngozi yetu weusi nacho hunywa mwanga. Basi chombo kinachotazama mwili kwa taa sharti kijaribiwe juu ya ngozi za kila rangi kabla hakijaaminiwa.

Je, vimejaribiwa hivyo? Tutazame ndugu yake saa, yaani kile kipimo cha kidoleni ambacho wauguzi hutumia kujua kama mgonjwa ana oksijeni ya kutosha katika damu. Nacho hutumia mwanga. Mwezi wa Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza kwamba walilinganisha kipimo hicho na damu yenyewe iliyotolewa mshipani. Walichagua nyakati ambazo kipimo kilisema mgonjwa yu salama. Kwa wagonjwa weupe, karibu mara 4 katika kila 100 damu ilionyesha kwamba oksijeni ilikuwa pungufu kwa hatari. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa karibu mara 12 katika 100. Maana yake ni kwamba chombo kilimwambia mwuguzi, "huyu ni mzima," kumbe mgonjwa anakosa hewa, na jambo hilo liliwapata weusi karibu mara tatu zaidi.

Nilitaka kujua kosa hilo lilipenyaje. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka kila kipimo kipya cha namna hiyo kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na miongoni mwao watu weusi wasipungue 2, au 15 katika kila 100. Wawili tu! Sisi tukichagua timu ya mpira kwa kutazama wachezaji wawili, mwalimu wa michezo atatucheka. Ilipofika Januari 2025 wakubwa wa huko walitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka watu 150 au zaidi, wa ngozi za rangi mbalimbali. Ni hatua njema, lakini tangu vipimo hivyo vilipobuniwa huko Japani katika miaka ya 1970 zilikuwa zimepita nyakati nyingi na wagonjwa wengi.

Sipendi kutia chumvi. Mwaka 2020 wataalamu wa Duke walijaribu saa na bangili za aina 6 kwa watu 53 wa rangi zote, wakaona kwamba katika kuhesabu mapigo ya moyo rangi ya ngozi haikuleta tofauti kubwa. Kilicholeta makosa zaidi ni mtu kuwa katika mwendo, na saa moja ilitofautiana na nyingine. Kwa hiyo kipimo kimoja chaweza kukosea juu ya ngozi nyeusi na kingine kisikosee. Hapa ndipo ninapopata funzo langu: jambo la namna hii haliamuliwi kwa kudhani, wala kwa kulalamika. Huamuliwa kwa kupima, na kupima kwataka fedha.

Sasa tutazame wenzetu walivyotoa fedha hizo. Mwezi wa Desemba 2016 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotenga dola milioni 1,455 kwa miaka 10 kwa ajili ya mpango mmoja mkubwa wa utafiti wa afya. Mpango huo, uitwao All of Us, ulifungua milango kwa nchi nzima tarehe 6 Mei 2018, nao ulikusudia kuandikisha watu milioni moja au zaidi. Watu waliruhusiwa kutoa habari za saa zao. Lakini ikaonekana upesi kwamba wenye saa ni wale wenye uwezo. Basi mwaka 2021 wakaanza kugawa bangili bure, kwa hesabu ya mpaka watu 10,000, hasa kwa wale ambao tangu zamani walikuwa wakiachwa nje ya utafiti. Wenyewe waligundua kwamba ukimpima mwenye saa tu, utajua habari za wenye saa tu. Kama serikali haingekuwa na fungu lake, nani angewanunulia wasio nazo?

Kinyume chake ni utafiti ule wa moyo uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2019. Walioandikishwa walikuwa 419,297, hesabu kubwa kuliko watu wa miji mingi. Fedha zilitoka kwa kampuni ya Apple iliyotengeneza saa yenyewe, na mtu hakuweza kuingia bila kuwa na saa hiyo na simu ya kampuni hiyo. Sisemi kwamba ulikuwa utafiti mbaya. Madaktari walijifunza mengi juu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Nasema tu kwamba mlango wake ulikuwa na bei. Mama yangu anayelima mpunga hangeweza kuupita.

Msomaji aweza kuniuliza, "Je, kwetu hakujafika utafiti wa vyombo hivi hata mara moja?" Umefika. Wahadzabe, ndugu zetu wanaokaa kando ya Ziwa Eyasi, wamepimwa mara kadhaa na wataalamu wa vyuo vya Marekani wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo mawili yaliyotolewa mwaka 2017 ni ya kupendeza sana. La kwanza ni kwamba Wahadzabe, kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutembea, huufanyisha moyo kazi ya wastani au ya nguvu dakika zipatazo 135 kwa siku, na dalili za ugonjwa wa moyo kwao ni chache. La pili ni la usingizi. Watu wazima 33 walivaa vipimo vya mkononi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 zilizohesabiwa, ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja. Karibu daima yuko aliye macho, na watafiti wakasema huenda hivyo ndivyo binadamu wa kale walivyolindana usiku. Sisi tunaolala bwenini hatukushangaa sana, maana kwetu pia yuko daima asiyelala.

Ni elimu njema, nami najivunia kwamba imetoka katika nchi yetu. Lakini nauliza kwa heshima: swali lilikuwa la nani? Waliotoa fedha walitaka kujua mwanadamu wa kale aliishije. Kama mfuko wa fedha ungekuwa mkononi mwa mama wa Kihadzabe, angeuliza swali hilo kwanza? Huenda angeuliza juu ya mtoto wake mwenye homa, au umbali wa maji. Mwenye mfuko ndiye mwenye swali la kwanza.

Jirani zetu wa Kenya wametoa mfano ulio karibu zaidi na haja ya watu. Mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Kenya na Burkina Faso, walitangaza mpango wa kujaribu saa za mkononi katika Siaya na katika Nouna, ili kujua kama zaweza kutumika vijijini kuchunguza jinsi joto na hali ya hewa zinavyoathiri afya. Swali la joto ni la mkulima wa kwetu kweli kweli. Lakini hata hapo fungu lilitoka Ujerumani.

Wako watakaosema, "Kuna ubaya gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli, wala sitaki mtu anifikirie kuwa nawakataa wageni. Tuutazame mfano wa Muhimbili. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianzisha huko mpango wa selimundu, wakaanza kuandikisha wagonjwa na kuwafuata mwaka baada ya mwaka. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Wellcome la Uingereza. Maelfu ya wagonjwa wameandikwa na kutibiwa, na madaktari wa Kitanzania wamefundishwa. Mwaka 2011 Profesa Makani alipewa tuzo na Royal Society ya London kwa kazi hiyo. Hapa swali lilikuwa letu, mkuu wa kazi alikuwa wetu, na msaada ulikuwa wa mgeni. Hivyo ndivyo msaada unavyopendeza.

Hata hivyo, msaada ni kivuli cha mti wa jirani. Jirani akikata mti wake, huna la kusema. Tarehe 1 Mei 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa tena fedha za utafiti zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nchi nyingine mpaka utaratibu mpya uwekwe. Mpango wao wenyewe wa All of Us ulipunguziwa fungu kwa kadiri ya theluthi moja mwaka 2024. Kama mwenye nyumba hupungukiwa chakula, mgeni mlangoni atategemea nini? Mgonjwa aliyekuwa akifuatwa kila mwezi hawezi kuambiwa aache kuugua mpaka utaratibu mpya uwekwe.

Najua kuna pingamizi moja kubwa, nami nimeisikia kwa baba yangu mwenyewe nilipomweleza habari hizi wakati wa likizo. Alisema, "Mwanangu, zahanati yetu mara nyingine haina hata dawa za kutosha, nawe wataka serikali inunue saa?" Baba alisema kweli, na sikumjibu upesi. Nimefikiri tangu siku ile, na jibu langu ni hili. Siombi kila mtu avikwe saa. Naomba tujue kabla ya kununua. Vyombo hivi vinakuja, tupende tusipende. Vipimo vya kidoleni vimekwisha kuingia katika hospitali zetu. Kesho na keshokutwa wafanyabiashara watakuja na bangili za shinikizo la damu, za mimba, za kisukari, wakituambia kwamba zinasema kweli. Zimesema kweli juu ya mikono ya nani? Je, zikilowa jasho la shambani? Je, umeme ukikatika siku tatu na betri ikaisha? Fedha kidogo ya kujaribu kwanza yaweza kutuokoa na fedha nyingi ya kununua kitu kisichofaa. Fundi mwenye akili hupima mara mbili akakata mara moja.

Wala sisemi maneno mapya. Mwaka 2006 huko Khartoum wakuu wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itoe kwa utafiti 1 katika kila 100 ya pato lake. Mwaka 2008 huko Bamako mawaziri waliombwa watenge kwa utafiti angalau shilingi 2 katika kila shilingi 100 za wizara za afya. Sisi Tanzania tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake upo mfuko wa taifa uitwao MTUSATE, ambao kazi yake ni hii hii ya kutoa fedha za utafiti. Nyumba imekwisha jengwa. Kinachotakiwa ni kuweka akiba ghalani.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, ahadi za Khartoum na Bamako zitimizwe, hata kwa kuanza kidogo, na katika fungu hilo itengwe sehemu ya kuvijaribu vyombo vya kuvaliwa kwa watu wetu na kwa magonjwa yetu. Selimundu iwe ya kwanza. Wagonjwa walioandikwa wako, madaktari wanaowajua wako, na swali liko wazi: je, saa yaweza kumwonya mtoto kabla maumivu hayajamfikia? Hata jibu likiwa "haiwezi," tutakuwa tumejua, na fedha zetu tutazipeleka kwenye jambo jingine.

La pili, mgeni anapoleta fedha, akaribishwe kwa masharti ya heshima. Mtaalamu wa hapa awe miongoni mwa wanaotunga swali, si wa kuwatafsiria tu. Vyombo vibaki baada ya kazi kwisha. Na matokeo yasomwe kwa Kiswahili, mbele ya wale wale waliovaa bangili, kwenye baraza la kijiji au uwanja wa zahanati. Mtu aliyelala na kipimo mkononi siku 20 ana haki ya kuambiwa kipimo kilisema nini.

La tatu, habari za mwili wa mtu zilindwe. Saa inayojua moyo wangu unapopiga yajua pia nilipolala na nilipoamka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila mwenye kuvaa kipimo asomewe haki zake kwa lugha anayoifahamu, aelezwe habari zake zitakwenda wapi, na aruhusiwe kukivua bila kuogopa kunyimwa matibabu.

Nanyi ndugu wanafunzi, neno langu la mwisho ni kwenu. Tusidhani kwamba kazi hii ni ya serikali peke yake. Fedha za utafiti haziombwi kwa machozi. Huombwa kwa karatasi. Anayeomba sharti aandike swali lake vizuri, aeleze atapima watu wangapi na kwa nini, na afanye hesabu ya kila shilingi. Hayo ni somo la lugha, la hesabu na la baiolojia kwa pamoja, na ndiyo masomo tunayoyakimbia mchana wa joto.

Klabu yetu ya sayansi imekwisha kuanza kwa njia ya kimaskini. Muhula huu tulihesabu mapigo ya moyo kwa vidole na saa ya ukutani, kabla ya mbio na baada yake. Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba watu wawili wakimhesabu mtu yule yule, mara nyingine hawapati hesabu moja! Tulibishana sana, mwishowe tukakubaliana kila mmoja ahesabiwe mara tatu. Sasa twaelewa kwa nini utafiti wa kweli ni kazi ya gharama. Mwenzetu wa selimundu ndiye mwandishi wa daftari letu, na kila siku, bila kuambiwa na mtu, huandika mapigo yake mwenyewe asubuhi na jioni kwenye ukurasa wa nyuma. Daftari hilo haliwezi kumwonya. Ni la kalamu na karatasi tu. Lakini limekwisha kuwa na kurasa kumi na moja, naye asema hataacha.

Ikiwa mtoto wa shule mwenye maumivu aweza kutoa dakika mbili kila asubuhi na kila jioni kwa ajili ya jibu ambalo bado hana, nadhani nchi nayo yaweza kutoa shilingi mbili katika mia.